Kidole, Kadi na Mtu Aliyekataliwa Dirishani

Mtu akigusisha kadi kwenye geti la ofisi, au akibana kidole kwenye kioo cha wakala wa laini za simu, na mambo yakaenda sawa, tunasema mashine imemtambua. Usemi huo umezoeleka, lakini unakipa kifaa sifa kubwa kuliko kazi kinayoifanya. Geti limepokea namba kutoka kwenye chipu iliyosogezwa karibu. Mashine ya wakala imelinganisha mistari ya ngozi na kumbukumbu iliyohifadhiwa mahali fulani, ikaona mfanano unatosha. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyojua mtu huyo ni nani, wala kama anastahili anachokiomba. Hayo yaliamuliwa na binadamu: ofisa aliyeingiza jina kwenye kanzidata, fundi aliyepanga mfanano wa kiasi gani uhesabiwe kuwa unatosha, na taasisi iliyoamua kwamba bila kidole hakuna huduma. Kwa kuwa uamuzi ni wa watu, gharama ya makosa ya mashine inapaswa kubebwa na taasisi iliyoichagua, na mwananchi aliyekataliwa dirishani asibebeshwe mzigo huo. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya, na haiwezi kusimama bila kwanza kuvitazama vifaa vyenyewe vinavyofanya kazi.

Tuanze na redio, ambayo ndiyo nyepesi kueleweka. Mfumo wa utambuzi kwa masafa ya redio una pande mbili: tagi na kisomaji. Tagi ni chipu ndogo iliyounganishwa na antena, ikafichwa ndani ya kadi, kibandiko, hereni ya mnyama au jalada la pasipoti. Tagi nyingi hazina betri. Kisomaji hutoa mawimbi, antena ya tagi hunasa sehemu ndogo ya nishati yake, chipu huamka kwa muda mfupi mno na kurudisha namba yake. Masafa ndiyo yanayoamua umbali na matumizi. Kwenye kilohezi 125 hadi 134 tagi husomwa kwa ukaribu wa sentimita chache au makumi ya sentimita, na mawimbi yake hayasumbuliwi sana na maji wala nyama, ndiyo maana hereni za kielektroniki za mifugo hutumia kilohezi 134.2 na kubeba namba ya tarakimu 15. Kwenye megahezi 13.56 kuna kadi za benki za kugusisha, pasipoti za kielektroniki na kadi nyingi za nauli, ambazo kwa kawaida hazisomwi zaidi ya sentimita 10 hivi. Kwenye megahezi 860 hadi 960 tagi husomwa kwa umbali wa mita kadhaa, na hapo ndipo yalipo maghala na maduka makubwa, ingawa mabati na maji huyavuruga mawimbi hayo vibaya. Zipo pia tagi zenye betri zake, zinazojitangaza zenyewe kutoka mbali zaidi.

Katika masafa yote hayo, kilichotambuliwa ni tagi. Ng'ombe akiibwa, hereni ikakatwa na kutupwa majanini, atakayepita hapo na kisomaji ataisoma namba ya ng'ombe ambaye hayupo, na mfumo hautaona kasoro yoyote. Kadi ya ofisi ikiazimwa kwa jirani, geti litamfungulia jirani. Hata namba yenyewe si lazima iwe ya kadi halisi. Kadi za zamani za kilohezi 125 humpa namba zao yeyote anayeuliza, bila siri yoyote, na kuinakili namba hiyo kwenye kadi tupu hakuhitaji utaalamu mkubwa. Aina iliyodhaniwa kuwa madhubuti zaidi, MIFARE Classic, ilitumika duniani kote kwenye nauli na milango kabla ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, Uholanzi, kuonyesha mwaka 2008 kwamba fumbo lake linafumbuliwa. Kampuni iliyoitengeneza chipu hiyo, NXP, ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe. Mwezi Julai mwaka huo mahakama ikakataa. Usalama wa kadi hizo ulitegemea kwa sehemu kubwa kwamba hakuna aliyejua zilivyoundwa ndani, na siri ya namna hiyo ikivuja mara moja imevuja kwa kadi zote. Kadi bora za leo hufanya vingine: kisomaji hutuma swali jipya kila mara, na chipu hujibu kwa hesabu inayohitaji ufunguo usiotoka kamwe ndani yake. Kwa macho, aina hizo mbili za kadi hazina tofauti. Kwa hiyo taasisi inapotangaza kwamba sasa inatumia kadi za kisasa, swali la kwanza la mwananchi liwe hili: kadi inataja namba tu, au inathibitisha kwamba ndiyo yenyewe?

Kidole kinaonekana kuliponya tatizo hilo, maana hakiazimwi wala hakisahauliki nyumbani. Mistari ya ncha za vidole huumbika mtoto akiwa bado tumboni, na hata pacha wa kufanana hawalingani vidole. Ujuzi huo ulianza kutumiwa kiserikali katika dola ya Uingereza huko Bengal, ambako ofisa William Herschel alianza mwaka 1858 kuwafanya watu watie alama za mkono kwenye mikataba. Francis Galton aliuandikia kitabu mwaka 1892. Ofisi ya alama za vidole ya Kalkuta iliyofunguliwa mwaka 1897 ilitumia mpangilio uliobeba jina la Edward Henry, ingawa sehemu kubwa ya hesabu zake ilifanywa na wasaidizi wake wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Polisi wa London, Scotland Yard, waliupokea mwaka 1901. Afrika Mashariki haikuchelewa kukutana nao. Sheria ya mwaka 1915 nchini Kenya, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya ajira, iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Kazi yake ilikuwa kumfuatilia kibarua aliyemtoroka mwajiri. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomwinua mwanaharakati Harry Thuku, na alipokamatwa, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe mwezi Machi 1922 walimiminiwa risasi. Anayeshangaa kwa nini wazee wengine wa Kenya huwa wagumu serikali inapoomba vidole vyao aikumbuke historia hiyo.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Kisomaji cha kawaida hupiga picha ya kidole kwa wingi wa nukta 500 kwa kila inchi. Programu huitafuta mistari, kisha huandika mahali inapokatika na mahali inapogawanyika panda, kila nukta na mwelekeo wake. Orodha hiyo fupi ya namba huitwa kiolezo, na ndiyo inayolinganishwa. Lakini kidole kilekile hakitoi picha ileile mara mbili. Leo kimebanwa kwa nguvu, kesho kimeinama pembeni. Asubuhi ya kipupwe ngozi ni kavu, mchana wa joto ina jasho. Hivyo mashine haina uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Inasema mfanano umefikia kiwango fulani, na mtu ndiye aliyeweka kizingiti ambacho juu yake jibu linageuzwa kuwa ndiyo. Kizingiti kikishushwa, wageni wengi zaidi watapokelewa kimakosa. Kikipandishwa, wenyewe wengi zaidi watakataliwa. Makosa hayo mawili hayaondoki kwa pamoja. Ukilibana moja, jingine linafura. Benki itachagua upande mmoja, kliniki ilipaswa kuchagua mwingine, na kila uchaguzi una watu wake watakaoumia. Ni ajabu kwamba jambo zito hivi huachwa mara nyingi kwenye mipangilio ya muuzaji wa mashine, bila kutajwa katika kanuni yoyote ambayo mwananchi anaweza kuisoma.

Kuna tofauti nyingine inayobadilisha hesabu nzima. Kuthibitisha ni kulinganisha mmoja na mmoja: mtu anasema yeye ni fulani, mashine inakwenda kwenye kumbukumbu ya huyo fulani tu. Kutafuta ni kulinganisha mmoja na wote. Tuchukue kwa mfano mashine inayokosea mara moja tu katika milioni kila inapolinganisha vidole viwili vya watu tofauti. Katika kuthibitisha, kosa hilo halionekani. Katika kanzidata ya watu milioni 23, kidole kimoja kikitafutwa mara moja kitawaibua wageni wapatao 23 wanaofanana nacho. Ndiyo maana kazi za kutafuta huhitaji vidole kumi, na bado huhitaji jicho la mtaalamu mwishoni. Hata jicho hilo hudanganyika. Baada ya mabomu ya Madrid ya Machi 2004, mfumo wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, ulitoa orodha ya watu 20 waliofanana na alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio. Wataalamu wakakubaliana kwamba ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, akawekwa kizuizini kwa wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipompata mwenye alama hiyo, raia wa Algeria. FBI iliomba radhi, na serikali ikalipa dola milioni mbili. Ukubwa wa kanzidata ulichangia kosa hilo: ukitafuta katikati ya mamilioni, lazima utamkuta mgeni anayefanana sana na unayemtafuta.

Tofauti hiyo ndiyo inayotusaidia kuipima mifumo yetu wenyewe kwa haki. Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, mteja alitaja namba yake ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kisha akabana kidole, na mashine ikauliza kama kidole hicho kinalingana na namba hiyo. Huko ni kuthibitisha, na ndiyo kazi ambayo teknolojia hii inaiweza vizuri. Shida kubwa iliyojitokeza ilikuwa nje ya kidole: wengi hawakuwa na namba ya kulinganishwa nayo, foleni za NIDA zikawa ndefu, na tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020. Katika uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015 kazi ilikuwa ya kutafuta, yaani kuhakikisha mtu hajiandikishi mara mbili. Mashine za kibayometria, BVR, ziliandikisha zaidi ya watu milioni 23, lakini kwa kuchelewa kiasi kwamba kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa Aprili mwaka huo iliahirishwa. Siku ya kupiga kura, mpiga kura wa Tanzania alitambuliwa kwa kadi yake na daftari lililochapwa. Kenya, tarehe 4 Machi 2013, ilikwenda hatua moja mbele na kutaka kidole kisomwe kituoni. Vifaa vingi viliishiwa chaji au viligoma kuwaka, na wasimamizi wakarudi kwenye daftari la karatasi. Wapo walioiona hali hiyo kuwa aibu. Kwangu, karatasi ile ndiyo iliyookoa haki ya waliokuwa kwenye foleni, na ni vizuri kwamba sheria ya uchaguzi ya Kenya iliongezewa mapema mwaka 2017 kifungu kinachotaka pawe na utaratibu wa ziada mashine zikishindwa.

Wanaokataliwa na mashine hawatawanyiki kwa bahati nasibu. Chukua mbangua korosho wa Mtwara. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Anayebangua kwa mkono huyagusa msimu hadi msimu, ncha za vidole zikibanduka na kuota upya mpaka mistari inakuwa hafifu kiasi kwamba kioo kinaona doa laini tu. Fundi mwashi hulika vidole na saruji, mponda kokoto na mawe, mama wa mwani na maji ya chumvi. Wazee hukaukwa ngozi. Baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa ya capecitabine huvimba viganja hadi alama zikapotea. Kwa hiyo mashine inayosifiwa kwa kutokuwa na upendeleo humsoma karani kwa urahisi na kumkataa anayefanya kazi kwa mikono, naye ndiye mara nyingi anayehitaji zaidi pembejeo, mgawo au matibabu ambayo kidole kimewekwa kuyalinda.

Atakayepinga atasema vifaa vinaboreka, na kwamba hawa ni wachache. Vinaboreka kweli. Katika majaribio ya mwaka 2003 ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mfumo bora kuliko yote ulimpata mwenyewe kwa asilimia 98.6 ukitumia kidole kimoja, na asilimia 99.9 ukitumia vidole vinne au zaidi, kosa la kumpokea mgeni likiwa limebanwa kwenye moja katika 10,000. Tangu wakati huo mambo yamesonga mbele. Lakini asilimia hizo zitafsiriwe kuwa watu. Kwa taifa lenye watu wazima milioni 20, pengo la asilimia 1.4 ni watu 280,000, na pengo la asilimia 0.1 ni watu 20,000, wengi kuliko wakazi wa miji mingi midogo. Na ule ulikuwa mfumo bora, uliopimwa na wataalamu. Kifaa cha bei nafuu chenye kioo kilichochubuka, juani, mbele ya wakala aliyefundishwa kukitumia kwa saa moja, hakifiki huko. Uchache wa watu hao ungekuwa hoja kama kungekuwa na mlango wa pili kwa ajili yao. Pasipo mlango huo, kila mmoja wao amekosa kitu kizima.

Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu. Bila mifumo hii, wanasema, tutarudi kwenye wapiga kura wa mara mbili na watumishi hewa. Hapa hoja ina ukweli na ipewe heshima yake: kumzuia mtu mmoja kuchukua majina mawili ni kazi ambayo kidole huifanya vizuri kuliko kitu chochote kingine tulicho nacho. Lakini mipaka yake ionekane. Uhakiki wa mwaka 2017 nchini Tanzania uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikuwa na vidole vyake halisi. Wangebana kidole kila asubuhi kwa miaka 20 na mashine ingewapokea bila shaka yoyote. Waliogunduliwa waligunduliwa kwa kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani, kazi ya makaratasi na uvumilivu. Kidole kinaunganisha mwili na rekodi. Kama rekodi ni ya uongo, kinauunganisha mwili na uongo huo kwa uimara zaidi.

Hubaki wale wanaosema asiye na hatia hana cha kuficha. Jibu halihusu hatia. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikiri kwamba wadukuzi waliovamia ofisi yake ya utumishi walichukua alama za vidole za watu milioni 5.6. Neno la siri likiibwa linabadilishwa jioni hiyohiyo. Hao milioni 5.6 watabaki na vidole vilevile mpaka kufa, na kila mfumo wa kesho utakaowaomba kidole utakuta nakala yake tayari iko mikononi mwa adui. Na nakala hutumika: mwaka 2002 mtafiti Tsutomu Matsumoto wa Japani alionyesha kwamba vidole bandia vya jelatini vinavidanganya visomaji vingi vya wakati huo. Hatari hii inapunguzwa kwa kuchagua mahali pa kuhifadhi. Kwa pasipoti, Ujerumani huziweka alama za vidole ndani ya chipu ya pasipoti yenyewe tu. Baada ya mwenyewe kuichukua, ofisi huzifuta, na sheria inakataza kanzidata ya taifa ya alama hizo. Hapo redio na kidole vinasaidiana: chipu inabeba alama, mwenyewe anaibeba chipu, na ulinganisho ni wa mmoja na mmoja. Mpango huo hauwezi kugundua aliyejiandikisha mara mbili, hilo likubaliwe, lakini kwa huduma nyingi za kila siku hakuna anayehitaji kugundua hilo upya kila mara.

Sheria zetu zimeanza kuliona jambo hili. Mahakama Kuu ya Kenya, tarehe 30 Januari 2020, iliruhusu mfumo wa utambulisho wa taifa, Huduma Namba, uendelee kwa sharti la kuwekewa kanuni madhubuti, na ikazuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Kenya ilipata sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinazihesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti, na zote zinampa mtu nafasi ya kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Nafasi hiyo haijafika dirishani. Mama anayeambiwa kidole hakisomi, njoo wiki ijayo, amepewa uamuzi wa mashine, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuupinga.

Kwa hiyo wizara, tume, kampuni za simu na benki zinazotumia kidole zinapaswa kutangaza kila mwaka kizingiti zilichokiweka ni kipi na wangapi walikataliwa, wilaya kwa wilaya. Ziwe na njia ya pili iliyoandikwa, isiyodai kidole, na wahudumu waliofunzwa kuitumia bila kumfanya mtu ajione mshukiwa. Na asiyesomeka na mashine ahudumiwe siku hiyohiyo aliyofika. Kazi ya kuthibitisha kwamba si yeye iwe ya taasisi.